Jina la Msusi

Huku kwetu Aroi, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mkeka huanza na maji. Majani makavu yakisukwa vivyo hivyo hukatika, kwa hiyo mama yangu mkubwa huyaloweka kwanza, kisha huyachana kwa ukucha mpaka chane zilingane. Hukaa barazani miguu ameinyoosha, ncha ya ukili ameibana kwa kidole gumba cha mguu. Ukimsemesha hakujibu mpaka mstari uishe, maana akikosea chane moja atafumua shibiri nzima.

Kazi hiyo haikuwahi kuitwa sanaa. Margaret Trowell alipoanzisha mafunzo ya sanaa katika Chuo cha Makerere mwaka 1937, wanafunzi walishika brashi, udongo na patasi. Vikapu na mikeka vilikwenda kwenye makabati ya makumbusho. Mwaka 1953 Trowell na Klaus Wachsmann walichapisha kitabu kikubwa, Tribal Crafts of Uganda, na jina lake limeshasema yote: kazi za mikono, tena za makabila. Ni kitabu cha thamani, nakiheshimu. Lakini kikapu kilijulikana kwa kabila lake, na mama aliyekisuka alibaki nje ya ukurasa.

Kazi kubwa ya sanaa, kwa Mganda wa enzi hizo, ilikuwa sanamu. Gregory Maloba, Mkenya aliyesomeshwa na Trowell, ndiye aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa 1962 jijini Kampala: mama aliyefungwa vitambaa, anamwinua mtoto juu. Kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa ukubwa: kitu kizito kisichohama.

Msanii wa Uganda, Acaye Kerunen, alileta ukubwa wa namna nyingine. Maonyesho yake ya mwaka 2021 jijini Kampala aliyaita Iwang Sawa, kwa Kialur, lugha ya majirani zetu wa Nebbi, Zombo na Pakwach; yaani katika jicho la wakati. Hiyo sawa yao ni ndugu wa saa ya Kiswahili. Tangu niliposoma jina hilo nimekuwa nikifuatilia kazi zake, kwa sababu zimetokana na vitu ninavyovijua kwa kuvigusa: nyuzi za mgomba, majani ya mwale, mabua ya mtama, gome la mtuba.

Karakana yake haiishii ndani ya kuta nne. Wanawake wa sehemu mbalimbali za Uganda husuka majumbani mwao, kati ya shamba na jiko, na walichosuka humfikia yeye. Hapo ndipo kazi ya pili huanza. Hufumua, hukunja, hushona kipande na kipande, hata kitu kilichokuwa cha kukalia kinapanda ukutani na kumwagika hadi sakafuni, kirefu kuliko mtu. Ukikisogelea bado utauona mkono wa kila msusi: huyu anakaza, yule analegeza, mwingine rangi yake imekolea kwa sababu aliichemsha zaidi. Mimi naona uzuri wote umo katika tofauti hizo. Kazi ingesukwa na mashine ingekuwa pana tu.

Aprili 2022 kazi hizo zilifika Venice, Italia, kwenye maonyesho ya sanaa ya Biennale, yaliyoanza mwaka 1895. Ilikuwa mara ya kwanza Uganda kuwa na banda lake pale. Kerunen alionyesha pamoja na Collin Sekajugo, na msimamizi wa maonyesho alikuwa Shaheen Merali. Majaji waliipa Uganda tuzo ya kutajwa kwa heshima, wakasifu hasa jinsi Kerunen anavyotumia malighafi isiyoharibu mazingira, kama nguo ya gome. Nilisoma habari hiyo mara mbili, nikampelekea mama mkubwa simu aone picha. Aliikuza kwa vidole viwili, akatafuta pindo. Akasema, “Huyu aliyemalizia hapa ni mzoefu.”

Mwaka 2024 Uganda ilirudi Venice, safari hii Kerunen akiwa ndiye msimamizi. Jina la banda lilianza kwa maneno Wan Acel, sisi ni wamoja. Katika orodha ya wasanii, pamoja na Sanaa Gateja mwenye shanga za karatasi, Taga Nuwagaba na Xenson, waliandikwa pia wasusi wenyewe: Artisan Weavers’ Collective.