Uhandisi upi usome? Tazama miaka 7 mbele, si mradi wa leo



Matokeo ya form six yakitoka, sisi wa PCM swali ni moja: tuombe uhandisi gani? Mimi mwenyewe nimo kwenye foleni hiyo. Shangazi anasema petroli, jirani anasema ujenzi, kila mtu ana lake. Nimekaa chini nikapanga ninayoyajua, labda yatamsaidia na mwenzangu.

Kwanza hesabu. Shahada ni miaka 4. Ukimaliza unasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) kama mhandisi mhitimu, kisha mafunzo ya kazi chini ya mhandisi mzoefu, kwa kawaida miaka 3, ndipo uwe mhandisi mtaalamu. Jumla miaka 7. Kwa hiyo ajira za leo si kipimo, maana wewe utaingia sokoni zikiwa zimeshabadilika.

Petroli na gesi: Gesi ya bahari kuu huko Lindi na Mtwara ilianza kugunduliwa 2010, kila mtu akataka kozi hiyo. Mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka, na mazungumzo ya kiwanda cha Lindi yakavuka miaka 10. Gesi ipo, lakini kazi inasubiri saini.

Migodi: Mshiko mzuri, ila mgodi una umri. Buzwagi pale Kahama ulianza uzalishaji 2009, ukasitisha uzalishaji 2021. Jiandae kuhamahama.

Ujenzi: Waajiri wamesambaa nchi nzima: TANROADS, TARURA, RUWASA, halmashauri, makandarasi. Ubaya wake, mradi ukiisha na kibarua kinaisha. Mkandarasi akicheleweshewa malipo, kijana wa saiti ndiye wa kwanza kupumzishwa.

Umeme: Hapa ndipo macho yangu yalipo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115. Waliomwaga zege walishaondoka, lakini mitambo inataka watu wa kuihudumia miaka na miaka. Treni ya SGR nayo, Dar hadi Dodoma tangu 2024, inakwenda kwa umeme. Na kazi zikikauka, unaweza kufunga sola mtaani.

Mitambo: Haina jina kubwa mitaani, lakini saruji, sukari, bia, bandari, migodi, wote wana mashine zinazoharibika. Kiwanda kimoja kikifunga, unabisha hodi kingine.

Msimamo wangu: shahada ya kwanza chukua fani pana, yaani ujenzi, umeme au mitambo. Mtu wa mitambo anaweza kwenda kwenye gesi baadaye kwa kusoma kozi ya ziada. Wa petroli kurudi kiwanda cha sukari ni shughuli pevu. Na mkopo wa Bodi utaulipa tu, mradi wa gesi uwe umeanza au haujaanza.

Kabla hujajaza fomu, hakikisha kozi inatambuliwa na TCU na ERB. Uliza pia karakana za chuo zinafanya kazi au ni mapambo.

Wahandisi mlioko kazini, mwageni uzoefu hapo chini, hasa mliotoka fani moja mkaingia nyingine. Nawasilisha.