Kuoanisha mafaili na programu (Atari ST)

Kuoanisha mafaili na programu katika kompyuta ya nyumbani ya Atari ST ni utaratibu wa kuielekeza mashine ni programu ipi ifungue mafaili ya aina fulani. ST iliingia sokoni mwaka 1985 ikiwa na mfumo wa uendeshaji wa TOS na eneokazi la GEM, kazi ya kampuni ya Digital Research.

Aina ya faili hutambuliwa kwa kiendelezi, yaani herufi zisizozidi 3 zinazofuata nukta. Mtumiaji huteua ikoni ya programu, huchagua kwenye menyu amri ya kusakinisha programu, kisha huandika kiendelezi. Programu ya kuandikia ya 1st Word ikioanishwa na DOC, faili liitwalo, tuseme, GARSEN.DOC likibofywa mara mbili huianzisha programu hiyo na kufunguka ndani yake. Faili lisilooanishwa halifunguki. Mashine huuliza tu kama lionyeshwe kwenye skrini, lichapishwe au liachwe.

Uhusiano huo hukaa kwenye kumbukumbu na hupotea mashine ikizimwa, isipokuwa mtumiaji ahifadhi eneokazi, hatua iliyo rahisi kusahaulika. Hapo TOS huandika DESKTOP.INF kwenye disketi ya kuwashia. Ni faili la maandishi matupu: mistari inayoanza kwa #G huhusu programu za GEM, na #F zile za TOS. Matoleo ya baadaye hutumia jina NEWDESK.INF.

Tofauti na ST, kompyuta ya Macintosh ya 1984 haikutegemea jina la faili. Kila faili lilibeba msimbo wa herufi 4 wa aina yake na mwingine wa programu iliyoliunda, hivyo kubadili jina hakukuvunja uhusiano.