Nyota Iliyokataa Kutulia

Katikati ya miaka ya 1960, mwanafalaki Arlo Landolt wa Louisiana, Marekani, alikuwa na kazi isiyo na sifa nyingi ila isiyoepukika: kutafuta nyota ambazo mwanga wake haubadiliki, ili watafiti wengine wazitumie kama vipimo vya kulinganishia nyota zao. Mojawapo ya nyota alizozielekezea darubini ilikuwa HL Tau 76, nyota hafifu iliyo upande wa kundinyota la Ng'ombe. Ni kibete cheupe, na siku hizo hakuna aliyekuwa amewahi kuona kibete cheupe kikibadilika chenyewe. Mwanga wake ulipanda, ukashuka, ukapanda tena, kila baada ya dakika 12 na nusu hivi. Landolt aliirudia nyota hiyo mwaka 1965 na 1966, na mwaka 1968 akachapisha alichokiona.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo lilishangaza, inafaa kurudi nyuma miaka mia na zaidi. Mwaka 1844 Friedrich Bessel, aliyefanya kazi Königsberg, alitangaza kwamba Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, haiendi njia iliyonyooka angani. Inayumba, kana kwamba kuna kitu kisichoonekana kinachoivuta. Bessel alifariki miaka miwili baadaye bila kukiona. Januari 1862 Alvan Graham Clark, mtoto wa mtengeneza lenzi wa Massachusetts, alikuwa akijaribu lenzi mpya yenye upana wa sentimita 47 alipoona nukta ndogo ya mwanga pembeni mwa Sirius. Ndiyo iliyokuwa ikivuta. Mwaka 1915 Walter Adams, katika kituo cha Mount Wilson, California, akauchambua mwanga wa nukta hiyo na kukuta ni wa nyota yenye joto kali. Nyota yenye joto kali namna hiyo haiwezi kuwa hafifu isipokuwa iwe ndogo mno. Hesabu zikaonyesha kitu chenye uzito unaokaribia wa Jua, kilichoshindiliwa katika umbo lenye ukubwa wa Dunia. Vitu vya aina hiyo ndivyo viitwavyo vibete vyeupe.

Leo tunajua vibete vyeupe ni mabaki ya nyota. Nyota kama Jua ikimaliza fueli yake, hutupa matabaka ya nje angani na kubakiza kiini, kwa kawaida cha kaboni na oksijeni, ambacho hakiunguzi tena chochote. Kinachong'aa ni joto la zamani linalovuja taratibu kwa mabilioni ya miaka. Kwa nini kitu cha aina hiyo kipandishe na kushusha mwanga wake?

Wanahesabu walikuwa na jibu tayari, na halikufaa. Walikwisha kukadiria kwamba kibete cheupe kikitikisika kwa kutanuka na kunywea, kingefanya hivyo kwa sekunde 10 hivi, na waliotafuta mabadiliko ya kasi hiyo hawakuyapata. Dakika 12 na nusu ni polepole mno, zaidi ya mara 70. Mwaka 1972 Ganesh Chanmugam kwa upande wake, na Brian Warner na Edward Robinson kwa upande wao, walipendekeza njia nyingine. Nyota haitanuki. Ndani yake mada husogea zaidi kwa ubavu kuliko kwenda juu na chini, katika mawimbi yanayorudishwa na nguvu ya mvutano. Sehemu moja ya uso hupata joto zaidi huku nyingine ikipoa, na sisi tulio mbali tunaona mwanga ukibadilika ingawa ukubwa ni ule ule. Miaka 10 baadaye Robinson, S. O. Kepler na Edward Nather walithibitisha kwa vipimo kwamba chanzo ni joto, si umbo.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa matamu. Mnunuzi sokoni hulipiga tikiti kwa kidole ili asikie kama limeiva, na mawimbi ya nyota nayo hueleza kilicho ndani vivyo hivyo. Kila wimbi ndani ya nyota lina kipindi chake, na kipindi hicho hutegemea unene wa matabaka, uzito wa nyota na kasi ya kujizungusha kwake. Ukiyatenganisha mawimbi, umeingia ndani ya kitu ambacho hakuna darubini inayoweza kukipenya.

Lakini kuyatenganisha kulikwama kwenye jambo la kila siku: jua huchomoza. Nyota ina mawimbi mengi yanayopishana, na kila asubuhi kumbukumbu hukatika. Mapengo hayo huzaa mawimbi ya uongo katika hesabu, na mtafiti hajui lipi ni la nyota na lipi limeletwa na mchana wake mwenyewe. Nather na Don Winget wa Chuo Kikuu cha Texas wakaja na wazo ambalo naona ni miongoni mwa mazuri kabisa katika sayansi ya karne ile: kama usiku wa mahali pamoja hautoshi, uunganishwe na usiku wa mahali pengine. Mtandao wao, ulioitwa Darubini ya Dunia Nzima, uliwaunganisha watazamaji wa mabara mbalimbali. Kulipokucha kwa mmoja, mwingine alikuwa tayari ameishika nyota ile ile, na darubini za Sutherland, Afrika Kusini, zilishiriki katika zamu hizo.

Machi 1989 waliielekezea darubini PG 1159-035, nyota yenye joto kali mno inayoelekea kuwa kibete cheupe. Walikusanya saa 264 za vipimo na kutambua mawimbi 101. Kutokana nayo walipata uzito wa nyota, asilimia 58.6 ya uzito wa Jua, na kwamba hujizungusha mara moja kila siku 1.38.

Baadaye ikaja zamu ya BPM 37093, kibete cheupe kilicho umbali wa miaka ya nuru 50 hivi. Nadharia ya miaka ya 1960 ilisema kiini cha kibete kinachopoa hatimaye huganda na kuwa fuwele. Mwaka 2004 Travis Metcalfe na wenzake walitangaza kwamba takriban asilimia 90 ya nyota hiyo imeganda. Mwaka uliofuata Pierre Brassard na Gilles Fontaine waliyapitia mawimbi yale yale wakapata kiwango kidogo zaidi, kati ya asilimia 32 na 82.

Kepler, aliyefanya kazi Brazil, alishikamana na nyota nyingine, G117-B15A, ambayo wimbi lake kuu huchukua sekunde 215. Kadiri nyota inavyopoa, kipindi hicho hurefuka. Vipimo vya tangu mwaka 1974 vimeonyesha kwamba kwa mwendo wake wa sasa itachukua miaka milioni 6 hivi kuongeza sekunde moja.