BANGILI YA PEMBE
Somo: Ufunuo 18:11-13



Jumapili moja baada ya ibada huko Matasia, mama mmoja mzee alinivuta kando. Akafungua kitambaa, na ndani yake mlikuwamo bangili ya pembe ya ndovu, imegeuka manjano kwa uzee. "Mchungaji," akasema, "hii aliniachia nyanya yangu. Sasa mjukuu wangu anaolewa. Je, nimpe?" Sikumjibu siku ile. Nilikwenda nyumbani nikafikiri.

Yako mapambo yasiyochimbwa mwambani, bali hutoka katika viumbe vyenye uhai. Lulu hutoka katika chaza. Marijani hujengwa na vijinyama vya baharini. Sandarusi ni utomvu wa mti uliogeuka mgumu kama jiwe. Na katika pango la Enkapune ya Muto, upande wa Naivasha, zimepatikana shanga za ganda la yai la mbuni zenye umri wa miaka ipatayo 40,000. Ganda la yai hupatikana bila kumwua mbuni.

Pembe sivyo. Pembe ni jino, na mzizi wake umo ndani ya fuvu. Ili mtu aipate nzima, ndovu hana budi kufa.

Katika karne ya 19 misafara ilichukua pembe mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo, kisha kwa jahazi mpaka Unguja. Wachukuzi wengi walikuwa watu huru wenye ujira, hasa Wanyamwezi. Wengine walikuwa watumwa. Kutoka Unguja pembe zilikwenda Bombay, zikawa bangili za maharusi. Nyingine zilikwenda Connecticut, Marekani, zikawa vibao vya piano. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara ya pembe iliendelea.

Mwaka 1973 Kenya ilikadiriwa kuwa na ndovu 167,000. Kufika mwaka 1989 walisalia kama 16,000 tu. Tarehe 18 Julai mwaka huo Rais Moi alitia moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, jirani na Kajiado yetu. Tarehe 30 Aprili 2016 zilichomwa tani 105. Labda nawe ulinung'unika: mbona mali hii yote inateketezwa?

Ndugu yangu, fungua Ufunuo. Yohana anataja bidhaa za wafanya biashara wa Babeli. Anaanza na dhahabu, anataja lulu, anapita pembe, na mwisho kabisa anataja miili na roho za wanadamu. Ndivyo njia hiyo inavyoshuka. Asiyeuliza pambo lake limemgharimu nani, siku moja hatauliza hata habari za mwanadamu mwenzake.

Nilirudi kwa yule mama. Nikamweleza pia kwamba sheria ya mwaka 2013 hairuhusu kuweka pembe bila kibali. Alinyamaza kitambo, akiigeuza bangili mkononi. Ilikuwa kumbukumbu yake ya pekee ya nyanya yake. Kisha akasema, "Nitaipeleka kwa wakubwa wa wanyama wa porini. Mjukuu wangu nitamtungia ushanga kwa mikono yangu, maadamu macho yangali yanaona."

Je, wewe una nini kitambaani mwako?

Na tuombe. Ee Bwana, tufundishe kuuliza gharama ya vitu tuvipendavyo, nawe utupe moyo wa kuviachilia. Amina.