Nani Alipe Gharama ya Mgeni?



Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo yatufundisha kwamba ukarimu ni wajibu, lakini pia una gharama, na gharama hiyo lazima ipate mlipaji. Leo tuitazame Malawi, nchi ndogo iliyobeba mzigo mkubwa.

Vita vya Msumbiji vilipopamba moto katika miaka ya 1980, watu walivuka mpaka kwa maelfu na kuingia Nsanje, Mwanza, Ntcheu na Dedza. Kufikia mwaka 1992 walizidi milioni moja. Katika kila watu kumi nchini, mmoja hivi alikuwa mkimbizi. Vita hivyo hivyo viliziba reli za Nacala na Beira, na bidhaa za Malawi zikazungushwa hadi Durban na Dar es Salaam. Mwaka 1987 Malawi ilipeleka askari wake kuilinda reli ya Nacala. Taifa hilo, basi, lililipa kwa ardhi, kwa fedha na kwa jasho la askari.

Umoja wa Mataifa ulileta mahindi, mahema na dawa. Lakini nani alipe barabara zilizochakazwa na malori, misitu iliyokatwa kuni, na zahanati zilizofurika? Mwaka 1990 Serikali ya Malawi, Benki ya Dunia na mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitoa taarifa kuwaeleza wafadhili jinsi wakimbizi walivyogusa matumizi ya Serikali. Hoja ilikuwa wazi: haitoshi kumlisha mgeni, mwenyeji naye afidiwe.

Ndani ya taifa moja jambo hilo lawezekana. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwaka 2005, jiji la Houston liliwapokea waliohamishwa, na serikali kuu ya Marekani ikarudisha gharama kwa mujibu wa sheria ya maafa ya mwaka 1988. Houston ilikuwa na sheria ya kudai kwayo. Malawi haina. Makubaliano ya Dunia kuhusu Wakimbizi ya mwaka 2018 yasema mzigo ugawanywe, lakini hayamlazimishi yeyote kisheria.

Matokeo yake yaonekana Dzaleka, wilayani Dowa, si mbali na Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Banda. Mwaka 1994 pakawa kambi. Iliandaliwa kwa watu kati ya 10,000 na 14,000; leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kimetawala sokoni. Posho ya chakula imepunguzwa mara kwa mara kwa uhaba wa fedha. Na Malawi, ilipoukubali mkataba wa wakimbizi mwaka 1987, iliweka masharti juu ya kazi na uhuru wa kutembea. Mgeni hakupewa jembe.

Machi 2023, Kimbunga Freddy kiliwaacha Wamalawi zaidi ya 500,000 bila makazi, na shule zikawa malazi. Mwezi huo huo Serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi Dzaleka. Mwezi Mei vyombo vya dola vikaingia mitaani Lilongwe: maduka yalifungwa, familia zikapakiwa magarini, na watoto wakawamo miongoni mwa waliozuiliwa.

Ndugu askari na polisi, deni lisilolipwa na matajiri wa dunia huishia mikononi mwenu. Mwekezaji wa amani asipolipa hazina, mnatumwa ninyi kumfukuza muuza sukari aliyejilisha mwenyewe. Amri ni amri, na nidhamu ndiyo nguzo ya jeshi. Lakini askari aijuaye historia hamwoni mkimbizi kuwa adui. Mwishoni mwa mwaka 2024 Wamsumbiji walivuka tena kuingia Nsanje, na wenyeji wakawapokea kabla ya fungu lolote kufika.

Kudai fidia kwa mataifa ni haki ya Malawi. Kumtoza mgeni deni hilo si haki.