Chui, Mbuzi na Majani: Kuhusu Asili ya Fumbo la Kuvuka Mto

Fumbo la mtu mwenye chui, mbuzi na majani, ambaye mtumbwi wake humchukua yeye na kitu kimoja tu, limezoeleka mno kwetu hata ni nadra mtu kuuliza limetoka wapi. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, mhadhiri mmoja alilimaliza swali hilo kwa sentensi moja: fumbo ni la Ulaya, nasi tulifundishwa shuleni. Sikuwa na hoja ya kumjibu siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu, ijapokuwa kwa kuchelewa.

Katika maandishi, Ulaya imetangulia, na hapana haja ya kulikana jambo hilo. Mkusanyo wa Kilatini wa maswali ya kunoa akili za vijana, ambao aghalabu huhusishwa na Alcuin wa York, mwalimu katika jumba la Charlemagne aliyefariki mwaka 804, una mafumbo kadhaa ya namna hii. Nakala zake kongwe ni za karne ya 9. Humo tunamkuta mbwamwitu, mbuzi na tita la kabichi. Ufumbuzi wahitaji safari 7, na kiini chake ni safari ya nne, pale mvushaji anapomrudisha nyuma mbuzi aliyekwisha kuvuka. Anayeshindwa fumbo hili, mara nyingi hushindwa kwa kudhani kwamba kilichovuka kimevuka.

Lakini kutangulia kuandikwa si sawa na kutangulia kuwako. Mwaka 1990 mwanahisabati Marcia Ascher aliyaweka pamoja matoleo ya Afrika na mengineyo, akaonyesha kuwa tofauti zake si za wanyama tu, bali za mantiki yenyewe. Katika toleo la Unguja, Sultani anamtaka mgeni ampelekee mwanawe chui, mbuzi na majani ng'ambo ya mto, na chombo humbeba mgeni pamoja na vitu viwili, wala si kimoja. Kumgeuza mbwamwitu awe chui ni kazi ya mfasiri yeyote. Kugeuza uwezo wa chombo ni kutunga hesabu nyingine.

Toleo linalonishughulisha zaidi ni la Waila wa Zambia, lililochapishwa na Smith na Dale mwaka 1920. Mtu ana chui, mbuzi, panya na kikapu cha nafaka, na mtumbwi wake huchukua kitu kimoja. Anafikiri amwache panya, kisha anafikiri amwache chui. Lakini wanyama hao kwake ni kama watoto. Basi anaamua kukaa pale pale alipo.

Msomaji wa haraka ataona hapa hadithi iliyoharibika, ya msimulizi aliyesahau jibu. La hasha. Na tulipime jambo hili. Akimchukua chui, mbuzi atakula nafaka. Akimchukua mbuzi, panya ataila. Akiichukua nafaka, au akimchukua panya, chui atamrarua mbuzi. Safari ya kwanza yenyewe haiwezekani. Aliyeamua kubaki amejibu sawasawa, tena bila kalamu. Tukumbuke kwamba Tartaglia wa Italia, katika kitabu cha mwaka 1556, alidai kwamba wanandoa jozi 4 wenye wivu waweza kuvuka kwa mashua ya watu wawili. Haiwezekani, na Bachet wa Ufaransa ndiye aliyeligundua kosa hilo, katika kitabu chake cha mwaka 1612.

Sidai kuwa haya yanathibitisha kwamba fumbo lilizaliwa Afrika. Huenda liliingia kwa njia zaidi ya moja, na huenda walikutana nalo watu mbalimbali kwa kuwa mito iko kila mahali. Ninachodai ni kwamba neno "nakala" halitoshi. Alcuin anauliza vitu vitavukaje. Mwila anauliza kama kuvuka kwastahili gharama yake, na swali hilo halimo katika Kilatini kile. Kwa sababu hiyo, katika mihadhara yangu nimeliondoa toleo hili katika fungu la vitendawili na mafumbo ya hesabu, nikalitia katika hadithi za utata, zile ambazo msimulizi hunyamaza na wasikilizaji wakaanza kubishana. Wanafunzi wangu wamegawanyika: wako wanaosema mtu yule alikuwa na busara, na wako wanaosema angemwacha panya.