Figo iliyobaki: mwili wa mtoaji hupataje nafuu baada ya upasuaji

Uganda na Rwanda zilianza kupandikiza figo katika hospitali zao mwaka 2023, huko Mulago mjini Kampala na King Faisal mjini Kigali. Tanzania ilikuwa imetangulia mwaka 2017, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa nchi hizi walisafiri hadi India, wakifuatana na ndugu aliyekubali kutoa figo. Mgonjwa akirejea nyumbani, watu humjulia hali. Aliyetoa huulizwa mara chache, ilhali naye amepasuliwa, tena akiwa mzima wa afya.

Siku figo inapotolewa, uwezo wa mwili kuchuja damu hupungua kwa takriban nusu, lakini haubaki hapo. Figo iliyosalia hupokea damu nyingi kuliko awali, na vichujio vyake, ambavyo kwa wastani hukaribia milioni moja, huongeza kazi ndani ya siku chache. Hakuna kichujio kipya kinachoota. Vilivyopo hutanuka, na figo yenyewe hukua. Baada ya wiki au miezi kadhaa, uwezo wa kuchuja huwa umefikia kati ya asilimia 60 na 70 ya ule wa figo mbili. Figo ya kijana kwa kawaida hufidia vizuri zaidi kuliko ya mtu mwenye umri mkubwa.

Hapo ndipo hofu nyingi huanzia. Kreatinini, taka itokanayo na misuli, hubaki juu kidogo katika damu ya mtoaji kuliko ilivyokuwa kabla ya upasuaji. Majibu ya maabara hupimwa kwa viwango vya watu wenye figo mbili, hivyo karatasi yaweza kurudi na alama ya hatari. Mtoaji huweza kuambiwa kwamba figo yake inaharibika, kumbe inafanya kazi kama ilivyotarajiwa. Ni vema aende kliniki na majibu yake ya zamani, na aeleze mapema kwamba ana figo moja. Kinachostahili kumshtua daktari ni kreatinini inayopanda mwaka hadi mwaka, protini katika mkojo, au shinikizo la damu.

Kidonda chenyewe hupona upesi. Upasuaji ukifanywa kwa matundu madogo, wengi hutoka hospitalini baada ya siku chache na kurudia kazi nyepesi katika wiki nne hadi sita. Ndoo ya maji na gunia la mahindi visubiri zaidi.

Ronald Herrick, aliyempa pacha wake figo mjini Boston, Marekani, Desemba 1954, katika upandikizaji wa kwanza uliofaulu, aliishi na figo moja kwa miaka 56. Hata hivyo, hatari ipo, na anayeombwa kutoa anastahili kuelezwa bila kufichwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba, ndani ya miaka 15, figo zilishindwa kabisa kufanya kazi kwa watoaji wapatao 31 katika kila 10,000, ikilinganishwa na takriban wanne miongoni mwa watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa. Kwa watoaji weusi idadi ilikaribia 75. Wanawake wanaopata ujauzito baada ya kutoa figo nao hukabiliwa zaidi na shinikizo la damu la mimba na kifafa cha mimba, ingawa wengi wao hujifungua salama. Mkunga aarifiwe tangu hudhurio la kwanza.

Kwa hiyo mtoaji hupimwa shinikizo la damu, mkojo na kreatinini kila mwaka, maisha yake yote. Pia hujiepusha na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuzwa dukani bila cheti na huweza kuidhuru figo. Maumivu madogo hutulizwa kwa parasetamoli.